Mawe Mawili Mfukoni

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 23:3–18, Law. 6:1–5, 19:35, 36, Kum. 25:13–19, Mit. 20:14, Amo. 8:4–6, Luka 19:1–10, 2 Kor. 8:18–21.

Fungu la Kukariri: Mithali 11:1.

Gunia la viazi hujazwa hadi mdomoni, kisha huongezewa kilemba cha viazi vingine na kushonewa wavu juu. Wakulima wa Njombe na Mbeya wanalijua jina lake: lumbesa. Mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo ya Tanzania hairuhusu gunia la mazao lizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekemea lumbesa kwa miaka mingi, lakini ingali barabarani. Mnunuzi naye ana sababu zake. Nauli ya lori mara nyingi huhesabiwa kwa gunia, mpagazi hulipwa kwa gunia, na wenzake wote hununua hivyo hivyo. Mnunuzi huyo anaweza kuwa shemasi.

Juma hili tunaangalia jinsi Biblia inavyomfundisha mtu wa Mungu kufikiri anapokuwa sokoni.

JUMAPILI: Jiwe na Jiwe

Soma Kum. 25:13–16. Ni kitu gani hasa kinachokatazwa hapa?

Kabla sarafu hazijaanza kutumika, shekeli ilikuwa uzito. Fedha iliwekwa upande mmoja wa mizani, na jiwe upande wa pili. Katika nchi ya Yuda wachimbaji wa mambo ya kale wamepata mawe mengi ya namna hiyo, yamechongwa mviringo kwa juu na bapa chini, na shekeli moja ina takriban gramu 11. Kiebrania cha fungu la 13 kinasema tu "jiwe na jiwe". Jiwe kubwa lilitumika wakati wa kununua, na dogo wakati wa kuuza.

Angalia kwamba katazo linaanzia mfukoni. Mtu huyu bado hajamwibia yeyote, mteja hajafika. Lakini mwenye mawe mawili mfukoni amekwisha kuamua atamfanyia nini mteja asiyejua kupima. Sasa endelea kusoma mafungu ya 17–19. Mara tu baada ya mizani anatajwa Amaleki, aliyewapiga Waisraeli waliochoka nyuma ya msafara. Huenda mpangilio huo si wa bahati nasibu. Kipimo cha uongo nacho huwapiga walio nyuma: mjane, mgeni, mkulima anayehitaji ada ya shule kabla ya Jumatatu.

JUMATATU: Sabato Isiyokwisha

Soma Amo. 8:4–6. Wafanyabiashara hawa walikuwa wakingojea nini?

Amosi alihubiri karne ya 8 K.K., wakati wa Yeroboamu wa pili, Israeli ikiwa na mali nyingi. Watu anaowakemea walifunga maduka siku ya Sabato. Jambo hili husomwa haraka mno. Hakuna aliyewashtaki kwa kuuza ngano siku takatifu. Katika hilo hawakuwa na kosa. Walikaa nyumbani wakihesabu saa, na huku wakipanga namna ya kuipunguza efa, kuiongeza shekeli na kuuza makapi pamoja na ngano. Siku waliitunza. Yule maskini ambaye siku hiyo ilimpa pumziko walimnunua kwa fedha.

Washika Sabato hupenda kulisoma fungu hili kama onyo kwa watu wengine. Lakini Amosi hakuwa akisema na wapagani. Swali lake haliishii kwenye saa ya kufungua na kufunga duka. Linafika hadi kwenye debe lililobonyezwa chini, ambalo hukaa kimya rafuni kuanzia Ijumaa jioni likingoja jua la Jumamosi litue.

JUMANNE: Shemasi na Lumbesa

Watu huamua jambo la haki kwa njia tatu. Wengine huuliza: Mungu ameagiza nini? Wengine: matokeo yatakuwa nini, na yatamwangukia nani? Wengine: nikizoea kufanya hivi, nitakuwa mtu wa namna gani? Biblia hutumia zote tatu. Law. 19:35, 36 inatoa agizo. Amosi anaonyesha anayeumia. Naye Samweli (1 Sam. 12:3–5) anasimama mbele ya taifa zima akiomba yeyote aliyedhulumiwa naye ajitokeze, kwa sababu tabia ya miaka mingi inaweza kukaguliwa.

Tuseme shemasi wetu anaamua kulipa kwa kilo. Gharama yake kwa kila gunia inapanda. Wenzake watauza kwa bei ya chini kuliko yake, na huenda mwezi huo akakosa karo ya mwanawe. Si haki kumwambia kwamba Mungu atamfidia kabla msimu haujaisha. Kum. 25:15 inaahidi siku nyingi katika nchi. Haisemi lolote kuhusu faida ya mwezi huu.

Lakini hoja ya "wote wanafanya" haijibu hata moja ya maswali yale matatu. Haifuti agizo, haipunguzi hasara ya mkulima, na haimzuii shemasi kuzoea. Inaeleza tu kwa nini ni vigumu. Kwa kuwa ni vigumu, kanisa lisimwache abebe peke yake: wanunuzi watano wa kanisa moja wakikubaliana kununua mizani na kulipa kwa kilo, wakulima watasikia.

JUMATANO: Mbele ya Mashahidi

Soma Mwa. 23:10–18. Abrahamu alipimia shekeli 400 za fedha kwa kipimo kilichokubaliwa na wafanyabiashara, langoni, watu wakisikia. Paulo naye hakubeba mchango wa makanisa peke yake (2 Kor. 8:18–21). Mweka hazina anayeona kukaguliwa kama tusi na alitafakari hilo.

Soma pia Mit. 20:14. Mnunuzi anayeitukana bidhaa, kisha akaenda kujisifu kwa bei aliyoipata, naye ana jiwe lake mfukoni.

ALHAMISI: Mara Nne

Soma Luka 19:8 pamoja na Law. 6:1–5. Sheria ilimtaka aliyedhulumu arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo alitaja mara nne. Tena hakusema ataziweka fedha hizo katika sadaka ya hekalu, bali alisema atawarudishia aliowadhulumu. Zaka ya fedha ya lumbesa haimrudishii mkulima viazi vyake.

IJUMAA: Maswali ya Kujadili

1. Je, kuna "mawe mawili" katika kazi yako: bei ya mgeni na ya mwenyeji, saa za kazi unazoandika na unazofanya? Darasa lijadili bila kutaja majina.

2. Muumini ameajiriwa, na tajiri wake ndiye mwenye debe lililobonyezwa. Ana watoto wanne. Ajibu vipi Jumatatu asubuhi? Msikimbilie jibu.

3. Zakayo aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu. Mtu afanyeje ikiwa wakulima aliowapunja ni mamia na hawakumbuki?

4. Kanisa lenu linaponunua mahindi au maharage kwa ajili ya makambi, linapima kwa nini?