Panya Huamriwa na Homoni. Je, Wewe?



Kama unasoma sekondari huko Gitting, chini ya Mlima Hanang, panya si mgeni kwako. Kuna mwaka wanapita kimya. Kuna mwaka mwingine wanafukua mbegu za mahindi kabla hazijaota, wanatoboa magunia, mpaka mama anauliza, "Hivi hawa wote wametoka wapi?" Sehemu kubwa ya jibu ni homoni. Tukimaliza habari ya panya tutarudi kwako wewe, maana siku hizi kuna vijana wanaosema, "Si mimi bwana, ni homoni!" Tuone kama ni kweli.

HOMONI NI NINI?

Homoni ni kemikali inayotengenezwa na tezi na kusafirishwa na damu. Ni kama ujumbe: unatoka sehemu moja ya mwili na kuleta mabadiliko sehemu nyingine. Ubongo huiagiza tezi ya pituitari, iliyo chini yake. Pituitari nayo huamsha ovari za jike au korodani za dume. Ovari hutoa estrojeni na projesteroni. Korodani hutoa testosteroni. Panya anazo, ng'ombe anazo, na wewe unazo.

MVUA IKINYESHA, PANYA HUZAA

Panya msumbufu kuliko wote mashambani Tanzania ni panya shamba, ambaye kwa jina la kisayansi anaitwa Mastomys natalensis. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji, wamemfuatilia kwa miaka mingi. Waligundua kwamba uzazi wake hufuata mvua. Wakati wa kiangazi panya wadogo wanaweza kukaa miezi kadhaa bila kukomaa. Mvua ikinyesha na majani machanga yakachipua, mwili hupokea habari hiyo, homoni za uzazi zinapanda, na kazi inaanza.

Mimba yake huchukua siku 23 hivi. Jike mmoja anaweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja, na ana chuchu zinazoweza kufika 24! Mvua zikiwahi, kizazi kimoja huongezeka, na hapo ndipo shamba linapovamiwa.

Hasara si ya mahindi peke yake. Mwaka 2007 ugonjwa wa tauni ulizuka wilayani Mbulu, jirani zenu kabisa. Tauni huenezwa na viroboto wa panya. Kwa hiyo kuelewa uzazi wa panya ni jambo la afya yako pia.

HOMONI NA TABIA

Homoni haziishii kwenye mimba, zinagusa na tabia. Mfano mzuri ni panya wa maabara, ambaye wanasayansi wamemchunguza sana. Mzunguko wa jike ni wa siku 4 au 5, na humkubali dume kwa saa chache tu katika mzunguko huo, baada ya estrojeni na projesteroni kufanya kazi yake. Ovari zikiondolewa, humkataa dume kabisa. Akichomwa sindano ya homoni hizo, humkubali tena. Dume naye akihasiwa, hamu na ugomvi hupungua. Hilo wafugaji wa Hanang hawahitaji kufundishwa: wanajua tofauti ya fahali na maksai.

Tena maisha ya pamoja nayo hubadili homoni. Kenya kuna fuko wasio na manyoya, wanaoishi chini ya ardhi kwa makundi. Katika kundi, jike mmoja tu ndiye huzaa. Majike wengine ovari zao hubaki zimelala kwa sababu yupo yeye. Akifa au akiondolewa, mwingine huamka na kushika nafasi yake.

Elimu hii ina faida. Watafiti wa Morogoro wamewapa panya shamba chambo chenye homoni za kutengenezwa, na uwezo wao wa kuzaa ukapungua. Homoni mojawapo, levonojestreli, ndiyo iliyomo kwenye vidonge vya dharura vya kuzuia mimba kwa binadamu. Lakini kumbuka: vidonge hivyo havikingi virusi vya UKIMWI wala magonjwa mengine ya ngono. Ukihitaji ushauri, nenda kituo cha afya.

SASA WEWE

Ukibalehe, homoni zinakuletea sauti nzito au matiti, chunusi, hedhi au ndoto nyevu. Zinakuletea na hisia: moyo kudunda ukimwona fulani, hasira za ghafla, hamu ya ngono. Yote hayo ni ya kawaida, usijione mgonjwa.

Ila angalia tofauti. Panya jike hana uamuzi: homoni zisipokuwepo hakubali, zikiwepo anakubali. Msichana hafungwi hivyo. Anaweza kuvutiwa na mtu siku yoyote, na anaweza kukataa siku yoyote. Mvulana naye, hata testosteroni ikiwa imejaa, bado ana masikio ya kusikia neno "hapana" na miguu ya kuondoka.

Kwa hiyo mtu akikuambia, "Homoni zimenizidi, siwezi kujizuia," anakudanganya, au amedanganywa. Na yule anayesema eti ukikaa bila ngono utaugua mgongo, naye ni mwongo. Homoni huleta hamu. Uamuzi unabaki kuwa wako.

JADILINI DARASANI

1. Kwa nini panya huwa wengi zaidi mwaka ambao mvua zimewahi?
2. Fuko wa Kenya anatufundisha nini kuhusu kundi na homoni?
3. Rafiki yako anasukumwa na mpenzi wake kwa maneno ya "ni homoni". Utamshauri amjibu nini?