Gari la haibridi: oili ya injini ibadilishwe lini?

Magari ya haibridi, yaani yale yanayotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, si kitu kigeni tena katika Kaunti ya Busia. Toyota Aqua, Prius, Axio na Fielder za haibridi, Honda Fit na Nissan Note e-Power huonekana Bumala, Butula, mjini Busia na Malaba, baadhi zikibeba abiria na nyingine zikiwa za familia. Mengi ya magari haya yamenunuliwa yakiwa yametumika Japani, na si haba yaliyolipiwa kwa mkopo wa Sacco. Injini ikifa kabla mkopo haujaisha, mwenye gari hubaki akilipia chuma kisichosonga.

Makala haya yanaeleza kwa nini oili ya gari la haibridi huchakaa kwa namna yake, jinsi ya kujua wakati wa kuibadilisha umefika, na mambo ambayo fundi na mwenye gari wanapaswa kuyachunga.

Injini inayozima na kuwaka njiani

Katika gari la kawaida, injini huwashwa mara moja na huunguruma hadi mwisho wa safari. Katika haibridi, kompyuta ya gari ndiyo huamua. Gari likitembea polepole, likiteremka mlima au likisimama kwenye foleni ya malori karibu na mpaka, injini huzimwa na mota ya umeme hushika kazi. Dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu, au betri ikipungua, injini huwaka yenyewe. Safari moja fupi inaweza kuwa na miwako mingi.

Nissan Note e-Power, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2016, huenda mbali zaidi: injini yake ya petroli haizungushi magurudumu kabisa. Kazi yake ni kuzalisha umeme tu. Hata hivyo ni injini kamili yenye pistoni na fani, na bila oili hukwama kama injini nyingine yoyote.

Hapa ndipo wengi hupotoka. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa injini hupumzika nusu ya safari, oili nayo idumu mara mbili. Ni kweli kwamba kipimo cha kilomita huhesabu hata mwendo wa umeme. Lakini oili haichakazwi na kilomita peke yake. Huchakazwa pia na maji, petroli, vumbi na muda.

Vinavyoiharibu oili

Petroli inapoungua hutoa mvuke wa maji. Injini ikiwa bado baridi, sehemu ya mvuke huo hupenya kando ya pistoni, hushuka kwenye oili na kugeuka maji. Petroli ambayo haijaungua nayo hupita njia hiyo hiyo. Katika safari ndefu oili hupata moto wa kutosha na takataka hizo huvukizwa. Katika safari fupi, hasa kwa injini inayozimwa kila mara, oili haipati moto huo. Maji na petroli hubaki humo, oili huwa nyepesi kupita kiasi, asidi hutokea, na hatimaye hujengeka utope mweusi unaoziba njia ndogo za oili.

Vumbi ni adui wa pili. Barabara nyingi za vijijini Butula ni za murramu, na msimu wa kuvuna miwa trekta hupita zikitimua vumbi jekundu siku nzima. Kichujio cha hewa kikiwa kimeziba au kimepasuka, vumbi hilo huingia ndani ya injini na kufanya kazi ya msasa.

Adui wa tatu ni muda. Hata gari lililoegeshwa nyumbani miezi mingi, oili yake huendelea kuzeeka.

Kilomita ngapi, miezi mingapi?

Kitabu cha mwongozo cha gari ndicho hakimu wa kwanza. Kwa magari yake ya petroli yasiyo na taabo, zikiwemo haibridi, Toyota nchini Japani huelekeza oili ibadilishwe kila kilomita 15,000 au mwaka 1, lolote litakalotangulia. Lakini hicho ni kipimo cha matumizi ya kawaida. Kwa matumizi magumu, kampuni hiyo hiyo hupunguza kipimo hadi nusu: kilomita 7,500 au miezi 6.

Matumizi magumu ni yapi? Ni barabara mbovu au zenye vumbi, safari fupi fupi za kilomita 8 au chini yake, mwendo wa polepole na kusimama kwa muda mrefu injini ikiunguruma. Anayeijua barabara ya kutoka kijijini hadi soko la Bumala, au foleni za Malaba, ataona kwamba maelezo hayo yanamhusu. Kwa hiyo kwa gari la haibridi linalotumiwa Butula, kipimo salama ni kilomita 7,500 au miezi 6, na gari lenye oili iliyoagizwa na kitabu. Fundi akishauri kilomita 5,000 kwa sababu ya vumbi jingi au kwa sababu gari ni la zamani, hajakosea. Kinachokosewa ni kufuata 15,000 kana kwamba gari linaendeshwa kwenye lami ya Tokyo.

Mifano miwili itasaidia. Mwalimu anayeendesha kilomita 24 kwa siku, siku 5 kwa wiki, hufanya kilomita 120 kwa wiki. Kwa wiki 26 atakuwa amefikisha kilomita 3,120 tu. Akisubiri 7,500, atakaa zaidi ya mwaka. Huyu ahesabu miezi: baada ya miezi 6, oili imwagwe. Tena safari zake ni fupi, na oili yake huchafuka kwa maji na petroli kuliko anavyodhani. Itamsaidia pia kupeleka gari safari ndefu kidogo kwenye lami mara kwa mara, kama kutoka Bumala hadi mjini Busia na kurudi, ili oili ipate moto.

Dereva wa teksi anayefanya kilomita 150 kwa siku, siku 6 kwa wiki, hufikisha kilomita 900 kwa wiki. Kilomita 7,500 humfikia baada ya wiki 8 na siku chache. Huyu akingoja miezi 6 atakuwa amepita kilomita 23,000. Ahesabu kilomita.

Gari lililotoka Japani juzi

Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yasiyozidi miaka 8 tangu yaliposajiliwa mara ya kwanza. Gari la namna hiyo limekwisha kuhudumiwa na watu wengine, likakaa bandarini na melini. Njia iliyo salama ni kubadilisha oili na kichujio mara gari linapofika, bila kujali muuzaji anasema nini.

Kuna alama moja inayosaidia. Gereji nyingi za Japani hubandika karatasi ndogo kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti, yenye tarehe na kilomita za oili kubadilishwa. Mwaka juu yake mara nyingi huandikwa kwa hesabu ya utawala wa mfalme. Utawala wa Reiwa ulianza Mei 2019, hivyo namba ya mwaka wa Reiwa ikijumlishwa na 2018 hutoa mwaka wa kawaida: Reiwa 5 ni 2023. Kilomita za karatasi zikizidi zile zinazoonyeshwa na kipimo cha gari, mnunuzi aulize maswali kabla ya kutoa pesa. Wakati mwingine karatasi huonyesha kilomita za huduma ijayo, kwa hiyo ni vyema kupata mtu wa kuisoma.

Oili ipi?

Haibridi nyingi za Toyota huagizwa 0W-20. Namba ya kwanza, yenye W, huonyesha jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi. Ya pili huonyesha uzito wake ikiwa moto. Wapo wanaosema 0W ni oili ya nchi za theluji. Sivyo. Hata asubuhi ya joto Butula, injini iliyolala bado ni baridi mno ikilinganishwa na injini iliyokwisha kupata moto. Injini ya haibridi ikiwaka hutakiwa kufanya kazi papo hapo, mara nyingi gari likiwa tayari linakwenda. Oili nyepesi hufika kwenye fani upesi. Oili nzito kama 20W-50, iliyozoeleka kwa injini kuukuu, huchelewa kufika na hula petroli bure.

Pale 0W-20 inapokosekana, vitabu vya magari mengi ya aina hii hukubali pia 5W-30. Mwenye gari aangalie kitabu chake. Hata kikiwa cha Kijapani, namba hizo huandikwa vilevile. Kwenye chupa patafutwe pia alama ya ubora ya API, kama SN au SP. Mfuniko uwe haujafunguliwa, na alama ya ubora ya KEBS iwepo. Namba ya kibali iliyo chini ya alama hiyo inaweza kuhakikishwa kwa kutuma SM# ikifuatwa na namba hiyo kwenda 20023. Oili ya kupimiwa kwenye chupa isiyo na jina, hata iwe rahisi namna gani, haifai.

Injini ya lita 1.5 ya Aqua huchukua takriban lita 3.7 pamoja na kichujio. Chupa ya lita 4 inatosha na kubakiza kidogo cha kuongezea.

Kupima oili nyumbani

Gari liegeshwe mahali tambarare, lizimwe kabisa, na kusubiriwa dakika 5 au zaidi. Kijiti cha kupimia kichomolewe, kifutwe, kirudishwe hadi mwisho, kisha kichomolewe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Kipimo hiki kifanywe angalau mara moja kwa mwezi, na dalili hizi ziangaliwe:

- Oili nyeusi. Weusi peke yake si ugonjwa, kwani oili nzuri hubeba uchafu.
- Oili iliyopanda juu ya alama bila kuongezwa. Petroli au maji yameingia. Ibadilishwe na chanzo kitafutwe.
- Harufu kali ya petroli. Oili imekonda. Isisubiri kilomita.
- Rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti. Maji yamechanganyika na oili, pengine kutoka kwenye rejeta. Gari lisiendeshwe hadi fundi alione.
- Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi. Dereva asimame mahali salama na kuzima gari papo hapo. Asijaribu kufika nyumbani.

Tahadhari kwa fundi

Haibridi iliyonyamaza si lazima iwe imezimwa. Taa ya READY ikiwa inawaka, injini inaweza kuwaka yenyewe wakati wowote. Fundi aliye chini ya gari anaweza kujeruhiwa, na injini iliyokwisha kumwagwa oili inaweza kuzunguka kavu na kuharibika. Kabla ya kufungua boneti, gari lizimwe, taa ya READY ihakikishwe imezimika, na ufunguo wa rimoti uwekwe mbali na gari. Nyaya za rangi ya machungwa hubeba umeme mkali na hazipaswi kuguswa na asiyefunzwa kazi hiyo. Gari likiinuliwa, lisimamishwe kwenye stendi imara, si jeki peke yake.

Kichujio cha oili na washa ya nati ya kumwagia vibadilishwe pamoja na oili. Katika ziara hiyo hiyo, kichujio cha hewa kikaguliwe, na tundu la kupooza betri, ambalo kwenye Aqua liko kando ya kiti cha nyuma, lisafishwe vumbi na lisizibwe kwa mizigo. Oili ya giaboksi ni tofauti na ya injini, na haziingiliani.

Oili chakavu isimwagwe ovyo

Oili iliyotumika ina chembe za metali na kemikali zenye madhara. Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006 huiweka katika kundi la taka hatari. Ikimwagwa mtaroni, mvua za masika huipeleka kwenye vijito, kisha Mto Sio au Nzoia, na mwisho Ziwa Victoria. Isimwagwe chooni, isinyunyizwe barabarani kuzuia vumbi, wala isipakwe nguzo za boma kufukuza mchwa, kwani mvua huiosha na kuipeleka ardhini karibu na visima. Ihifadhiwe kwenye mtungi wenye mfuniko na kupelekwa gereji au kituo cha mafuta kinachoikusanya kwa ajili ya wasafirishaji wenye leseni ya NEMA. Anayeishika avae glavu.

Kwa ufupi

- Kipimo cha Butula: kilomita 7,500 au miezi 6, lolote litakalotangulia.
- Anayeendesha kidogo ahesabu miezi. Anayeendesha sana ahesabu kilomita.
- Gari jipya kutoka Japani libadilishwe oili na kichujio kwanza.
- Oili iwe ile iliyoagizwa na kitabu, mara nyingi 0W-20.
- Kila huduma iandikwe: tarehe, kilomita, aina ya oili na jina la gereji. Daftari hilo litaongeza thamani ya gari siku ya kuliuza.