Tuliyojifunza Katika Biashara ya Intaneti

Sisi ni wanafunzi watano tuliopelekwa na kamati ya maendeleo ya parokia kusoma kozi ya miezi mitatu ya biashara na matangazo kwa njia ya intaneti, ili tukirudi tukisaidie kikundi cha akina mama wanaosuka vikapu vya milulu hapa Iringa vijijini. Kwa kuwa ada yetu ililipwa kwa fedha za kamati na za wafadhili, tumeona ni haki yenu kupata taarifa ya tuliyojifunza, pamoja na yale tuliyokosea. Tunaomba somo hili lisomwe kwenye kikao cha kamati kabla ya fedha nyingine kutolewa kwa kazi ya namna hii, hapa kwetu au kwingineko.

Siku ya kwanza mkufunzi alituuliza ni nani atakayenunua vikapu vyetu. Tuliandika ubaoni kwa herufi kubwa: DUNIA NZIMA. Alifuta, akatutaka tuandike mtu mmoja tu, anaishi wapi, anakitumia kikapu kwa kazi gani na fedha yake anaitoa siku gani ya mwezi. Tulikaa na swali hilo hadi mchana. Mwishowe tuliandika mama wa Dar es Salaam mwenye duka dogo la mapambo ya nyumba, naye ndiye aliyetuongoza katika yote yaliyofuata, ingawa ni mtu wa kubuni.

Tulidhani kuwa na tovuti ni sawa na kuwa na duka kando ya barabara kuu. Sivyo. Google, iliyoanzishwa mwaka 1998 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, hufanya kazi kwa programu zinazopita katika kurasa za intaneti na kuweka kumbukumbu ya maneno yaliyomo. Mtu anapoandika neno la kutafuta, huletewa kurasa zenye maneno hayo, na ukurasa ambao kurasa nyingine zinautaja hupewa nafasi ya mbele, kama vile mgeni mwenye wadhamini wengi anavyopokelewa kijijini kwa urahisi. Sisi ukurasa wetu tuliupa jina la kikundi, na ndani tukaandika historia yake yote na majina ya viongozi. Hakuna mgeni anayetafuta jina la kikundi chetu. Watu huandika "kikapu cha milulu" au "vikapu vya Iringa", na maneno hayo hayakuwamo hata mara moja.

Ipo njia ya kulipia ili tangazo lionekane mbele, na hapa wahazini wasikilize kwa makini. Katika matangazo mengi ya namna hiyo unalipa kila mtu anapobofya, anunue asinunue. Tuseme kila mbofyo ni shilingi 100, watu 100 wakabofya, na wawili wakanunua. Umelipa shilingi 10,000, na vikapu hivyo viwili vimebeba gharama ya watu 98 waliochungulia wakaondoka. Ni shilingi 5,000 kwa kila kikapu. Tulikuwa tumetangaza kikapu cha wastani kwa shilingi 18,000. Milulu na rangi ni 3,000. Siku tatu za kusuka, kwa 4,000 kwa siku, ni 12,000. Boksi ni 1,000. Inabaki 2,000, wakati tangazo linadai 5,000. Hasara hiyo ya 3,000 ingetoka wapi? Tulipowauliza akina mama walijibu bila kusita kwamba ingetoka kwenye siku zao, kwani ndivyo ilivyokuwa kila mara. Siku hiyohiyo tuliacha matangazo ya kulipia, tukaanza kutuma picha kwa WhatsApp kwa wenye maduka tuliowafahamu.

Kwa wafadhili wetu tuna neno la ukweli, mtuwie radhi. Wageni waliokuja kututembelea na kununua vikapu kwa bei mara mbili walitufanyia wema, lakini sisi tuliichukua bei ile kuwa ndiyo bei ya soko. Mama mwenye duka Dar es Salaam hanunui kwa huruma. Anataka vikapu kumi vilivyolingana, na vifike kabla ya mwisho wa mwezi.

Mteja wetu wa kwanza wa mbali alikuwa Mwanza. Alipokea kikapu akatupigia simu kwa hasira, akisema ni kidogo kuliko alivyokiona. Kweli picha ilikuwa imepigwa karibu sana, bila kitu chochote cha kulinganishia, na tulikuwa tumeiongezea mwanga kwenye simu hadi rangi ya zambarau ikang'aa kuliko ilivyo. Hatukukusudia kudanganya, lakini mteja alikuwa amedanganyika. Wengine kati yetu walisema kikapu si kibovu na fedha isirudi. Mama mmoja msukaji aliuliza kama sokoni tungeweza kumwambia mtu hivyo akiwa amesimama mbele yetu. Fedha ilirudishwa kwa simu jioni ile, na nauli ya mzigo kwenye basi tulichangishana sisi wanafunzi. Tangu hapo kila picha ina futikamba pembeni, na inapigwa nje asubuhi kivulini, bila kuongezwa kitu.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuuma. Katika wiki ya sita, mwenzetu mmoja alialikwa kwenye mkutano wa "biashara ya intaneti" katika ukumbi wa mjini. Alirudi na shauku kubwa. Unalipa kiingilio, unapewa akaunti, unaleta watu watano, na kila mmoja wao analeta watano. Yeye alikwisha kulipa kwa fedha ya matumizi yake. Watatu kati yetu walimwendea mhazini wa kamati kumwomba shilingi 600,000 za mfuko wa kikundi, tukisema ndiyo matangazo ya kisasa. Mhazini, mama mtu mzima asiyetumia intaneti, aliuliza swali moja tu: "Wanangu, nani ananunua, na ananunua nini?"

Hatukuwa na jibu. Tulikaa tukapiga hesabu. Watano, kisha 25, kisha 125, kisha 625. Mwanzoni inapendeza. Lakini raundi ya 11 peke yake inahitaji watu 48,828,125, na ukijumlisha raundi zote 11 unapata watu 61,035,155. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Maana yake, karibu kila mtu nchini, pamoja na watoto wachanga, angekuwa amelipa kiingilio, na wanne kati ya kila watano wangekuwa kwenye raundi ya mwisho, bila mtu wa kumleta. Fedha ya aliye juu ndiyo hiyohiyo fedha yao. Hakuna kikapu kilichosukwa.

Wazee wa kamati walitukumbusha habari ya DECI, ambayo sisi tulikuwa wadogo mno kuijua. Watu walitumia maneno ya kanisani ya "kupanda" na "kuvuna", wakaweka fedha zao wakitarajia mavuno, hadi shughuli zake ziliposimamishwa mwaka 2009. Mwaka 2013 mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake. Tofauti tuliyoiona katika mkutano ule wa ukumbini ni kwamba jina la intaneti limechukua nafasi ya mbegu. Mwenzetu hakurudishiwa kiingilio chake. Ameturuhusu tuyaandike haya.

Jambo jingine tulipite kwa haraka. Tulikuwa tumeweka namba za simu za akina mama kwenye ukurasa, wakaanza kupokea ujumbe wa matapeli wa "tuma kwenye namba hii". Tumeziondoa zote na kubaki na namba moja ya kikundi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka uangalifu wa namna hiyo, na picha za watoto tumezitoa pia.

Katika miezi mitatu tangu turudi tumeuza vikapu 31. Vingi vimekwenda Dar es Salaam, na kimoja tu kimevuka mpaka. Bei sasa ni shilingi 22,000, na malipo ya siku za kusuka hayaguswi. Daftari la mauzo na la bando za simu yako kwa mhazini, kila mjumbe anaweza kuyaona.

Tatizo lililobaki ni la watu. Sisi watano tunarudi masomoni Januari, na mteja asipojibiwa siku hiyohiyo huenda kwingine. Binti wa mmoja wa wasukaji ameanza kukaa na simu ya kikundi jioni, nasi tunamsahihisha. Kamati bado haijaamua kama atalipwa, wala alipwe kutoka fungu gani, na akina mama wameomba suala hilo liwe la kwanza kwenye kikao kijacho.