Mtegemezi kwenye fomu ya baba

Bibi aliyeko Jabe, Bujumbura, anayekula na kulipa nyumba kwa dola zinazotumwa kila mwezi kutoka Marekani, si mtegemezi wa anayemtumia. Sheria ya kodi ya huko inataka mtegemezi awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Kanada au Meksiko, Bujumbura haimo. Ila mjukuu wake aliyeko chuoni, anayefanya kazi usiku na kujilipia chumba, anaweza kukuta ameandikwa mtegemezi wa baba yake bila kuulizwa. Kwa hiyo neno hili tusilisome kwa Kiswahili cha Jabe. Kwetu mtoto hamkui mzazi wake hata aote mvi. Kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, mtegemezi ni hesabu, na hesabu ikikosewa inasahihishwa bila mtu kuvunjiwa heshima.

Anza basi na hesabu kabla ya kulalamika, maana wengi wanaojiona wamejitegemea bado hawajafika. Kama umesoma muda wote walau miezi 5 ya mwaka na hujatimiza miaka 24 ifikapo Desemba 31, mzazi anaweza kukuandika ikiwa umeishi kwake zaidi ya nusu mwaka, na bweni halikutoi nyumbani: kwenda chuo huhesabiwa kama kutoka kwa muda. Kinachoweza kukuokoa ni kuwa umejilipia mwenyewe zaidi ya nusu ya matunzo yako. Chukua daftari, andika chumba, chakula, ada, matibabu, nauli, nguo. Tuseme jumla ni dola 20,000. Umepata 8,000 za mshahara na 3,000 za mkopo uliosaini wewe: ukizitumia zote kujitunza ni 11,000, umevuka. Lakini kama 3,000 za huo mshahara zimelala benki, au umezituma Jabe, hazikukutunza wewe. Umebaki na 8,000, na baba hajakosea. Ufadhili wa chuo nao hauingii upande wako. Ukishafika 24 mambo yanageuka: mzazi lazima awe amelipa zaidi ya nusu, na kipato chako kiwe chini ya kiwango kilichowekwa, dola 5,050 kwa mwaka 2024.

Ukiwa na haki, mwendee mzazi kwanza. Mara nyingi si yeye aliyejaza. Ni mtu anayewajazia watu fomu za kodi, aliyeuliza tu ana watoto wangapi, naye mzee akawataja wote, kama mzazi yeyote. Anaweza kusahihisha kwa fomu 1040-X. Akikataa, jaza fomu yako ya kodi, 1040, usitie alama kwamba kuna anayeweza kukuandika mtegemezi. Kompyuta ikiikataa kwa kuwa namba yako ya Social Security imeshatumika, ichapishe, isaini, uipeleke posta. Baadaye nyote wawili mnaweza kupata barua ya IRS inayomtaka aliyekosea ajirekebishe. Asiyekosea hadaiwi jibu. Pasipo wa kujirekebisha, mnaweza kuombwa ushahidi, na hapo ndipo mkataba wa chumba, taarifa za benki na karatasi za mshahara zinaposema.

Kuna watakaosema huku ni kumshitaki baba. Sioni hivyo: fomu yako haina mahali pa kumtaja, unaeleza habari zako tu. Hoja nzito zaidi ni kwamba unamnyima pesa mzee aliyekulea. Ni kweli, ile nafuu ya dola 500 kwa mtegemezi mkubwa itamtoka. Lakini nafuu ya wafanyakazi wa kipato kidogo, EITC, ambayo mara nyingi ndiyo kubwa, haiangalii nani kalipa matunzo. Inaangalia umri, undugu na makazi. Kama bado uko kwake, au uko bwenini kwa muda tu, anaweza kuidai kihalali hata wewe ukijitoa. Ila kuidai kwa uzembe kunaweza kumfungia nafuu hiyo kwa miaka 2, na kwa udanganyifu miaka 10, kwa hiyo kumnyamazia si kumsaidia.

Na usifikiri ushindi huu unahamia kwenye FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo. Kule asiye na miaka 24 kwa kawaida huulizwa mapato ya wazazi, hata awe anajilipia kila kitu, na huenda ukahitaji saini ya huyo huyo baba. Mpigie simu kabla barua ya IRS haijamfikia.