Sanduku la Spana la Kikundi: Tuanze na Nini?

Somo la leo si la kuku wala sukumawiki. Ni la spana.

Siku hizi katika vikundi vyetu hakosekani mwenye Probox ya kubebea mboga sokoni, au pikapu kuukuu iliyonunuliwa kwa mchango. Upande wa Kangemi, Kawangware, Uthiru na Waithaka, kazi ya gari hungoja Jumamosi. Betri imelegea, oili imechakaa, gurudumu linataka kubadilishwa. Kazi hizi ndogo watu wawili wanaweza kuzimaliza uani kabla ya chakula cha mchana, mradi wana vifaa. Fundi hatumwachi. Breki, usukani na kufungua injini ni kazi yake, na hapo tusijaribu bila yeye kuwapo.

Kosa la kwanza ambalo kikundi hufanya ni kukimbilia ile boksi ya plastiki yenye vipande mia na kitu, inayong'aa dirishani. Jamani, hesabuni vizuri. Vipande vingi humo ni vidogo vidogo ambavyo havitaguswa hata mara moja. Afadhali mwanze na kazi: andikeni kazi tatu au nne ambazo magari yenu hutaka kila mara, kisha mnunue kinachozifanya.

Magari mengi yetu yametoka Japani yakiwa yametumika, na hilo linarahisisha mambo. Nati zake nyingi ni za namba 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Kwenye Toyota nyingi, vishikio vya betri hufunguliwa kwa namba 10, kizibo cha kumwagia oili namba 14, na nati za magurudumu namba 21. Plagi za Toyota nyingi za miaka ya 2000 hutaka soketi ya 16, ile ndefu. Mwenye Peugeot au Volkswagen ataongeza 13, maanake huko ndiyo hutumika sana. Na kwa kuwa namba 10 ndiyo hupotea kwanza kila mahali, nunueni mbili.

Spana ya mdomo wazi hushika nati pande mbili tu. Ya ringi huizunguka nati nzima, kwa hiyo haiteleزi kwa urahisi. Kwa nati iliyokaza, anzeni na ringi au soketi, halafu ikishalegea mmalizie na mdomo. Chuma kikiwa laini, mdomo wa spana hufunguka na kula kona za nati mpaka inakuwa mviringo. Hapo fundi ataitoa kwa patasi, au achomelee nati nyingine juu yake, na zile shilingi mlizookoa dukani mtamlipa yeye.

Kununua twendeni mjini, Kirinyaga Road, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, jina lake la zamani lililotokana na mlowezi Ewart Grogan. Huko maduka ya vifaa na vipuri yamefuatana. Bebeni nati ya gari lenu mfukoni. Ingizeni ndani ya spana mkiwa hapo hapo kaunta, mtikise. Ikicheza sana, rudisheni. Tazameni pia kama namba imechongwa kwenye chuma chenyewe au ni rangi tu. Muuzaji asipokubali mjaribu, nendeni duka la pili, hayako mbali. Baadaye mkateremke Kamukunji kwa mafundi wa jua kali. Yale masanduku ya bati wanayowatengenezea wanafunzi wa bweni yanafaa kabisa kuwekea spana, na yana mahali pa kufuli.

Lakini kabla ya spana yoyote kuna kitu kingine, na hapa tunaomba msome polepole.

Jeki ni ya kuinua gari. Si ya kulishikilia. Gari dogo lina uzito wa karibu tani moja, na jeki inaweza kuvuja, kuteleza au kuzama. Udongo wetu mwekundu wa Dagoretti baada ya mvua mnaujua. Watu hufa hivi, chini ya gari, kwa kazi ya dakika kumi. Mawe ya kujengea nayo si dawa: jiwe au tofali hupasuka ghafla bila kutoa ishara. Kwa hiyo mchango wa kwanza ununue stendi mbili za chuma zilizoandikwa uzito zinaoweza kubeba. Tuseme mko watu 15 na kila mmoja anatoa shilingi 200 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 3,000. Zisipotosha, subirini mwezi wa pili, na hakuna mtu kuingia chini ya gari mpaka hapo.

Siku ya kazi tafuteni mahali tambarare penye ardhi ngumu. Vuteni hendibreki, mzuie magurudumu yanayobaki chini kwa mawe mbele na nyuma, na mweke ubao mnene chini ya jeki. Gari likishakalia stendi, lisukumeni kidogo kwa mkono kabla ya mtu kuingia. Gurudumu lililotolewa lilazeni chini ya ubavu wa gari kama kinga ya ziada. Na mtu asifanye kazi hii peke yake.

Wakati wa kurudisha gurudumu, wengi husimama juu ya spana wakidhani wanafanya vizuri. Nati za gari dogo hutaka nguvu ya takriban nyutoni mita 100. Yaani, kwenye spana ya sentimita 30, mkandamize mwishoni kwa uzito kama wa kilo 35. Mtu wa kilo 80 akipanda juu anapitisha kipimo zaidi ya mara mbili. Bolti inaweza kuvutika, na siku ya pancha barabarani Waiyaki Way usiku, nati hiyo haitafunguka.

Oili chafu imwagieni kwenye mtungi, mpeleke gereji inayoikusanya. Msiimwage mtaroni. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, ukapita huku kwetu kabla ya kufika mjini, na kuna watu wanaomwagilia mboga kwa maji yake.

Sasa utunzaji. Pakeni mishikio rangi moja ya kikundi. Chukueni daftari la shule: jina, kifaa, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi. Anayepoteza spana alete spana, si pesa, maana pesa huliwa. Ndani ya kifuniko cha sanduku choreni umbo la kila kifaa. Pengo litaonekana hata na asiyejua kusoma. Ufunguo ukae na mtu asiye na gari. Huyo hana haraka ya kujipendelea.

Katika mkutano ujao jadilianeni: Ni kazi zipi tatu ambazo magari yetu hutaka kila mara? Nani kati yetu amewahi kufanya kazi gereji na anaweza kutufundisha Jumamosi mbili? Na asiye na gari, ambaye pia anatoa mchango wake wa shilingi 200, atafaidikaje na sanduku hili?