Kwa Nini Machungwa Hunyauka Yakihifadhiwa?

Wakulima wa machungwa hapa Makueni wanaijua hasara hii: unavuna kilo 100, unasubiri mnunuzi siku kadhaa, kisha mizani inaonyesha kilo 95. Hakuna aliyeiba. Kilo hizo 5 ni maji yaliyopotea hewani. Tunda likipoteza takriban asilimia 5 ya uzito wake, ganda huanza kulegea na kukunjamana, na bei hushuka.

Maji hupotea vipi?
Chungwa likiwa mtini hupata maji kutoka kwenye mizizi. Likishakatwa halipati tena, lakini ganda huendelea kutoa mvuke kupitia vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, kikonyo na michubuko. Kinga yake kubwa ni utando mwembamba wa nta juu ya ganda.

Kazi ya jeni
Jeni ni maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya seli. Baadhi huongoza utengenezaji wa nta. Nyingine huongoza utengenezaji wa asidi ya absisiki, homoni inayoutahadharisha mmea maji yanapopungua.

Nchini Uhispania kuna chungwa liitwalo Pinalate, lililotokana na aina ya Navelate kwa badiliko la asili la kijeni. Ganda lake ni la manjano, na lina upungufu wa homoni hiyo. Watafiti walipolinganisha aina hizo mbili baada ya mavuno, Pinalate lilipoteza maji kwa kasi zaidi. Ndiyo maana aina tofauti zilizovunwa siku moja zinaweza kunyauka kwa kasi tofauti.

Mkulima afanye nini?
Huwezi kubadilisha jeni za tunda ulilovuna, lakini unaweza kulinda ganda lake:

• Vuna asubuhi, umande ukishakauka.
• Kata kwa mkasi na uache kikonyo kifupi, usivute.
• Weka matunda kivulini mara moja, kwenye kreti badala ya gunia.
• Usiyasugue kwa brashi ngumu; utaondoa nta.
• Tenga yaliyochubuka na uyauze kwanza.
• Hifadhi mahali penye ubaridi na unyevu, pasipo na upepo mkali.

Unapopanda upya, kumbuka mche uliopandikizwa huzaa matunda yenye jeni za mti ulikotolewa tawi. Kabla ya kununua, muulize afisa wa kilimo wa wadi yako ni aina gani hustahimili kuhifadhiwa.