Namna ya kumpata mwanasaikolojia anayekufaa

UKIUMWA na jino unajua pa kwenda. Ukivunjika mguu, hata mtoto mdogo atakuonyesha njia ya hospitali. Lakini mtu akikosa usingizi majuma matatu mfululizo, chakula kikawa hakimpiti kooni, na kazi aliyoipenda ikamchosha kabla hajaianza, huyo mara nyingi hubaki akizunguka tu. Mmoja atamwambia aombe, mwingine apumzike, wa tatu atamwambia aache kujitakia. Ni wachache watakaomshauri amwone mwanasaikolojia. Na hata akishauriwa hivyo, maswali hubaki: Ni yupi? Yuko wapi? Ni pesa ngapi?

Makala haya yanajaribu kuyajibu maswali hayo kwa mkazi wa Nairobi, hasa yule anayefanya kazi katikati ya jiji na kulala upande wa magharibi: Westlands, Kangemi, Kawangware, Kilimani, Lavington au Karen.

Kwa nini tunaogopa?

Hospitali ya Mathari ilifunguliwa mwaka wa 1910, Nairobi yenyewe ikiwa bado mji mchanga. Kwa miaka mingi jina hilo lilitumiwa kama tusi: mtu akikasirika kidogo tu huambiwa apelekwe Mathari. Ndiyo maana wengi wakisikia habari za matibabu ya akili hufikiria kuta ndefu na milango ya chuma.

Hata hivyo, jiji hili limepata somo tofauti. Mnamo Agosti 7, 1998, bomu lililipuliwa katika ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue. Watu 213 waliuawa hapa Nairobi na maelfu wakajeruhiwa. Baada ya vidonda vya mwili kushonwa, kulibaki watu walioshtuka kila mlango ulipofungwa kwa kishindo, na wengine walioogopa kuingia katika jengo lolote refu. Mradi wa ushauri nasaha uliojulikana kama Operation Recovery, ukiongozwa na Dkt Frank Njenga, ulianzishwa ili kuwahudumia. Waliohudumiwa hawakuwa wendawazimu. Walikuwa watu wa kawaida waliofikwa na jambo lisilo la kawaida. Somo hilo lilirudi tena Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia jumba la Westgate kule Westlands na kuwaua watu 67.

Si lazima bomu lilipuke ndipo akili ijeruhiwe. Kufiwa, kuachishwa kazi, ndoa kuvunjika, madeni au kupigwa nyumbani hutosha.

Nani ni nani?

Watu wengi huchanganya wataalamu watatu walio tofauti.

Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili aliyesomea udaktari kwanza, kisha akabobea katika maradhi ya akili. Yeye anaweza kuandika dawa na kumlaza mgonjwa.

Mwanasaikolojia amesomea jinsi watu wanavyofikiri, wanavyohisi na wanavyotenda. Chombo chake kikubwa ni mazungumzo yenye mpango, na baadhi yao hufanya vipimo vya kumbukumbu, hisia au uwezo wa kujifunza. Haandiki dawa.

Mshauri nasaha humsaidia mtu kukabiliana na tatizo fulani, kama vile msiba, ugomvi wa nyumbani au ulevi.

Hawa hufanya kazi kwa kushirikiana. Ikiwa unasikia sauti ambazo wenzako hawazisikii, au huwezi kabisa kutoka kitandani, anza na daktari. Ikiwa unaendelea na shughuli zako lakini kwa taabu, mwanasaikolojia au mshauri anaweza kuwa mwanzo mzuri. Ni vyema pia daktari wa kawaida akupime, kwani upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kuleta uchovu na huzuni vinavyofanana na maradhi ya moyo mzito.

Mchungaji, imamu au shangazi yako wasidharauliwe. Lakini wao wanakujua wewe na jamaa zako, na pengine wana upande katika jambo lenyewe. Mtaalamu hana upande.

Mahali pa kuanzia

Hospitali Kuu ya Kenyatta, karibu na Ngong Road, ina idara ya afya ya akili. Mathari, kando ya Thika Road, nayo hutibu wagonjwa wanaorudi nyumbani siku hiyo hiyo. Si kila aingiaye hulazwa. Kituo cha Amani, kilicho Mbagathi Way, kimetoa ushauri nasaha tangu 1979. Chiromo ni hospitali za kibinafsi za magonjwa ya akili, na upande wa Lavington wanapatikana. Aliyebakwa au kupigwa anaweza kwenda katika kituo cha kuwasaidia waathiriwa wa dhuluma cha Nairobi Women's Hospital, mtaani Hurlingham, ambacho kimekuwapo tangu 2001.

Usisahau mahali unapofanya kazi. Baadhi ya waajiri hulipia wafanyakazi wao vikao kadhaa vya ushauri, na wengi hawajui haki hiyo kwa sababu hawajawahi kuuliza. Mwanafunzi wa chuo kikuu naye aulize ofisi ya ushauri ya chuo chake.

Hakikisha amesajiliwa

Kibao kizuri mlangoni hakimfanyi mtu kuwa mtaalamu. Bunge lilipitisha Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia mwaka wa 2014, ambayo iliunda bodi ya kuwasajili wanaofanya kazi hii na kuwapa leseni. Kwa hivyo una haki ya kuuliza: Umesajiliwa na nani? Ulisomea wapi, na hadi kiwango gani? Mtaalamu wa kweli hatakasirika. Akikasirika, umeshapata jibu lako.

Piga simu kwanza

Usifunge safari ya matatu mbili kabla ya kuuliza. Huhitaji kusimulia maisha yako yote. Maneno machache yatosha, kwa mfano:

"Hujambo, daktari. Sijalala vizuri tangu mwezi jana, na sasa naogopa hata kwenda kazini. Je, wewe hushughulikia hali kama hii?"

Kisha uliza mambo haya:

1. Kikao huchukua muda gani? Mara nyingi ni kati ya dakika 45 na saa moja.

2. Ada ni kiasi gani, na je, kuna nafuu kwa mwenye kipato kidogo? Vituo vingine hupunguza. Ikiwa una bima, iulize kampuni yenyewe mapema kama inalipia, na ni vikao vingapi.

3. Je, unapatikana baada ya saa kumi na moja jioni, au Jumamosi?

4. Tutazungumza lugha gani? Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Wengi wetu huandika barua za kazi kwa Kiingereza, lakini hulia kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama. Chagua lugha ambayo machozi yako yanaielewa.

5. Ukitaka kuhudumiwa na mwanamke au mwanamume, sema wazi. Si utovu wa adabu.

Angalia pia njia ya kufika. Mtu akaaye Kangemi akipewa miadi Karen saa kumi na mbili jioni, huenda akahudhuria mara moja tu. Tiba hii hufaulu kwa kurudi. Afadhali mtaalamu wa wastani unayeweza kumfikia kila wiki, kuliko bingwa utakayemwona mara moja kwa mwaka.

Siku ya kwanza

Fika mapema kidogo, ukiwa na orodha ya dawa unazotumia na mambo matatu yanayokusumbua zaidi. Utaulizwa kuhusu usingizi, chakula, pombe, kazi, jamaa zako na maradhi uliyowahi kuugua. Huenda ukaulizwa pia kama umewahi kufikiria kujiua. Usishtuke. Swali hilo halimpandi mtu wazo kichwani. Humpa nafasi ya kuutua mzigo aliokuwa akiubeba peke yake. Jibu kwa ukweli.

Mwambie akueleze kanuni ya siri. Unayosema hayapaswi kufika kwa mwajiri wako wala kwa mume au mke wako bila idhini yako. Lakini siri hiyo ina mipaka. Ikiwa maisha yako au ya mwingine yamo hatarini, ikiwa mtoto anadhulumiwa, au mahakama ikiamuru, mtaalamu anaweza kulazimika kusema. Aliye mwaminifu hukueleza hayo mwanzoni.

Usitarajie kutoka ukiwa mwepesi kama unyoya. Wengine hutoka wamechoka zaidi, kwa sababu wamekifunua kidonda kilichofungwa miaka mingi. Hiyo si dalili kwamba tiba imeshindwa.

Utajuaje kwamba anakufaa?

Jipe vikao vitatu au vinne, kisha ujiulize: Je, ananisikiliza, au anatazama simu yake? Je, tumekubaliana tunatafuta nini? Je, naweza kumwambia kwamba sikubaliani naye? Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kuwa uhusiano mwema kati ya mtaalamu na mteja ni miongoni mwa mambo yanayosaidia sana tiba kufaulu. Kwa hivyo usipomwamini, mweleze. Pengine atabadilisha njia, au akuelekeze kwa mwenzake. Kumbadilisha mwanasaikolojia si usaliti, kama vile kubadilisha fundi wa nguo si usaliti.

Zipo dalili za kukufanya uondoke mara moja: anayekutongoza au kukugusa isivyofaa, anayesimulia siri za wateja wengine, anayekulazimisha kufuata dini yake, anayeahidi kukuponya kwa siku moja, au anayekuambia uache dawa ulizoandikiwa na daktari. Mwache, na umshtaki kwa bodi.

Kukiwa na hatari

Mtu akisema anataka kufa, usingoje miadi ya juma lijalo. Usimwache peke yake, na uondoe karibu naye dawa, sumu na kamba. Mpeleke katika idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo, na watoto wana nambari 116.

Kwa miaka mingi jamaa waliogopa kusema ukweli hospitalini kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria za adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Mnamo Januari 9, 2025, Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mgonjwa wa aina hii anahitaji kitanda, si seli.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kama umesoma hadi hapa ukimfikiria mtu fulani, au ukijifikiria wewe mwenyewe, chukua kalamu uandike nambari moja ya kupiga na saa utakayoipiga kesho.